HIARI YA MJA NA MOYO ULIOZINDUKA

Miongoni mwa maneno yaliyozoeleka sana katika nyumba zetu ni neno hili: "Imeandikwa." Hulisema mfiwa, nalo likamtuliza, hulisema aliyepata hasara katika biashara yake, nalo likamzuia asikufuru. Neno lenyewe ni la kweli, kwani kuamini kadari, kheri yake na shari yake, ni nguzo moja katika nguzo sita za imani. Lakini neno hili hili huchukuliwa na wengine wakalitia mahali pasipokuwa pake. Hulisema kijana aliyemaliza mshahara wake kwa kamari ya mpira ichezwayo kwa simu. Hulisema mume aliyetamka talaka kwa hasira. Hulisema mwenye deni aliyetoa ahadi akaivunja. Wote hawa wakiulizwa hujibu kuwa hayo ndiyo waliyoandikiwa, nao hawakuwa na la kufanya.

Basi katika makala haya twataka kulitazama suali lililo nyuma ya neno hilo: Je, mja ana hiari au hana? Na ikiwa anayo, iko wapi hiari hiyo, na hupatikana saa gani? Wanavyuoni wa elimu ya Tauhidi wamelijadili jambo hili kwa karne nyingi. Sisi leo tumependa kuwasikiliza hasa watu wa Tasawufi, kwa kuwa wao hawakutosheka na kuuliza ni nani aliyekiumba kitendo. Waliingia ndani ya moyo wakatazama jinsi kitendo kinavyozaliwa humo kabla hakijafika mkononi.

WALIOPOTOKA PANDE MBILI

Tangu zama za mwanzo za Uislamu walitokea watu wakapotoka katika suali hili kwa pande mbili. Kundi moja lilisema kuwa mwanadamu hana hiari kabisa, bali yu kama unyoya unaopeperushwa na upepo. Hao waliitwa Jabria, na katika mashuhuri wao ni Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka 128 wa Hijra (746). Kundi la pili, yaani Kadaria, na baada yao Muutazila, lilisema kuwa mtu ndiye aumbaye vitendo vyake mwenyewe kwa uwezo aliopewa. Wa kwanza walimwondolea mja dhima, na wa pili wakampunguzia Mwenyezi Mungu milki Yake.

Ahlu Sunna walipita katikati. Imam Abul Hasan al-Ash'ari, aliyeishi Basra na Baghdad na kufariki katika karne ya 4 ya Hijra, alifundisha kuwa kitendo huumbwa na Mwenyezi Mungu, na mja hukichuma. Neno hili "kuchuma" limo ndani ya Qurani, nalo latufaa sana sisi tusemao Kiswahili. Mchuma embe hakuliumba embe, wala hakuuotesha mti, wala hakuuleta msimu. Walakini mkono ulionyooshwa ni wake, naye ndiye aliyechagua kuchuma katika shamba lake au katika shamba la jirani. Haambiwi kuwa yeye ni muumba wa tunda, wala hasamehewi wizi kwa hoja kuwa tunda ni la Mungu.

Qurani yenyewe yatufundisha kuyakusanya mambo haya mawili pamoja. Katika Sura ya 76, aya ya 29 na ya 30, twaambiwa kuwa atakaye na ashike njia ya kwendea kwa Mola wake, kisha hapo hapo twaambiwa kuwa hatuwezi kutaka ila atakapo Mwenyezi Mungu. Na katika Sura ya 8, aya ya 17, Mtume (s.a.w.) aambiwa kuhusu vita kuwa si yeye aliyetupa alipotupa, bali Mungu ndiye aliyetupa. Tazama jinsi kutupa kulivyokanushwa na kuthibitishwa katika aya moja.

Ama wale waliotaka kuifanya kadari kuwa udhuru, jibu lao limo katika Sura ya 6, aya ya 148. Washirikina walisema kuwa lau Mungu angetaka wasingalishirikisha, na Qurani ikawahesabu kuwa ni waongo wafuatao dhana. Masufi wamelipima jambo hili kwa kisa cha Adamu na Iblisi katika Sura ya 7. Wote wawili waliasi. Iblisi alipoulizwa, alimwambia Mola wake kuwa Yeye ndiye aliyempoteza. Adamu na mkewe walisema kuwa wamezidhulumu nafsi zao. Adamu hakuwa mjinga wa kadari; aliijua, lakini adabu ilimfanya ajinasibishie kosa, na kwa adabu hiyo akafunguliwa mlango wa toba. Maulana Jalaluddin Rumi, aliyefariki Konya mwaka 672 wa Hijra (1273), ni mmoja katika walioieleza tofauti hii kwa marefu.

Na Masahaba nao waliifahamu njia hii ya kati. Ilipozuka tauni ya Amwas katika nchi ya Shamu, karibu na mwaka 639, Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa safarini kwenda huko, na habari zikamfikia mahali paitwapo Sargh. Baada ya kushauriana na wenziwe akaazimia kurudi Madina. Abu Ubaida bin al-Jarrah (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Sayyidna Umar akajibu kuwa wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu: popote atakapowachunga amewachunga kwa kadari ya Mungu. Lakini ni mchungaji gani mwenye akili atakayeuacha upande wa majani kwa hoja hiyo?

IMAM GHAZALI NA VITENDO VYA AINA TATU

Katika watu wa Tasawufi, aliyelichambua suali hili kwa upana ni Imam Abu Hamid al-Ghazali. Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasani, mwaka 450 wa Hijra (1058), na huko huko akafariki mwaka 505 (1111). Kitabu chake kikubwa, Ihya Ulumiddin, kina vitabu 40 ndani yake, na kimoja katika hivyo ni cha Tauhidi na kutawakali.

Humo ametufundisha kuvigawa vitendo vya mwanadamu mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kama mtu kuzama anapokanyaga maji. Hapa hapana hiari yoyote, mwili ni mzito na maji hayauhimili. Fungu la pili ni kama mtu kufumba jicho sindano inapoelekezwa kwake. Hapa yapo mapenzi, lakini hata akitaka kuliacha jicho wazi hawezi. Fungu la tatu ni kama kuandika: mtu akitaka huandika, na asipotaka huacha. Hili ndilo watu waliitalo kitendo cha hiari.

Lakini Imam hakukomea hapo. Alituuliza: hiari hiyo yenyewe imetoka wapi? Mtu hutaka jambo akili inapomwonesha kuwa lina kheri naye. Akili inapoona hivyo mapenzi huamka, na mapenzi yanapoamka nguvu ya mkono hutii. Basi elimu huyasukuma mapenzi, na mapenzi huisukuma nguvu, na mwanzo wa mfululizo huo hauko mikononi mwa mja. Kwa sababu hiyo akasema kuwa mwanadamu ametenzwa nguvu awe mwenye hiari. Hatukuchagua kuwa wachaguaji. Tumeumbwa hivyo, na ndiyo sababu twaulizwa.

Akapiga mfano wa sisimizi atembeaye juu ya karatasi. Aona ncha ya kalamu ikiitia weusi karatasi, adhani kalamu ndiyo iandikayo. Jicho lake dogo halifiki kwenye vidole, wala kwenye mkono, sembuse kumfikia mwandishi. Asemaye "mimi tu ndiye niliyefanya" jicho lake limekoma kwenye kalamu. Na asemaye "mimi sikufanya lolote" ameikana kalamu aionayo kwa macho yake.

NGAZI NNE ZA MOYO

Hata hivyo, faida kubwa kwetu sisi watu wa nyumbani na sokoni imo katika kitabu kingine cha Ihya, kile kinachoeleza maajabu ya moyo. Humo Imam Ghazali ameonesha kuwa kitendo hupanda ngazi nne moyoni kabla hakijatoka kwenye kiungo. Na tuzitazame kwa mfano wa mwenye duka ambaye mteja amesahau mkoba wa fedha juu ya meza yake.

Ngazi ya kwanza ni pito la fikra, liitwalo khatiri. Lampitia wazo: "Hakuna aliyeona." Ngazi ya pili ni mwelekeo: nafsi yaipenda fedha ile, naye asikia joto la tamaa kifuani. Ngazi ya tatu ni hukumu ya moyo: moyo wasema kuwa jambo hili lafaa lifanywe, karo ya watoto haijalipwa, na mteja ni tajiri. Ngazi ya nne ni azma: amekata shauri, na mkono waanza kwenda kwenye mkoba.

Kwa ngazi ya kwanza na ya pili mja hahesabiwi, kwani hazikuja kwa hiari yake. Mtume wetu (s.a.w.) ametufahamisha kuwa umma wake umesamehewa yanayonong'onwa na nafsi maadamu hawajayasema au kuyatenda. Ngazi ya tatu yataka kutazamwa: ikiwa ameijia kwa hiari yake atahesabiwa, na ikiwa imemjia bila hiari hatahesabiwa. Ama ngazi ya nne, hiyo ni yake. Akiiacha baada ya kuazimia, kwa kumcha Mwenyezi Mungu, huandikiwa jema. Na akizuiwa na jambo jingine tu, kama vile mteja kurudi ghafla, basi dhambi ya azma yamkalia. Ndiyo maana ya hadithi ya Waislamu wawili wanaokutana kwa panga: Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa aliyeua na aliyeuawa wote ni wa Motoni, kwa kuwa huyo aliyeuawa naye alikuwa na pupa ya kumuua mwenziwe.

Sasa wasomaji wetu watafahamu kwa nini Masufi walikazana sana na jambo la kuwa macho. Baina ya ngazi ya kwanza na ya nne pana nafasi, wakati mwingine ya mwezi mzima, wakati mwingine ya kupepesa jicho. Hapo ndipo hiari ya mja ilipo. Aliyezinduka huliona pito la fikra likiingia kama mwenye nyumba amwonavyo mgeni mlangoni. Aweza kumkaribisha, na aweza kumrudisha. Aliyeghafilika huamka mgeni amekwisha kaa kitini, amekwisha kula, na yu chumbani. Huyo ndiye asemaye: "Sijui nilifikaje hapa; bila shaka imeandikwa." Hiari yake haikukosekana. Mwenyewe hakuwapo ilipokuwapo.

Yafaa tutaje hapa kuwa wataalamu wa zama zetu nao wameugonga mlango huu kwa njia yao. Mwaka 1983 Benjamin Libet wa Marekani na wenziwe walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa watu walioambiwa wausogeze mkono wakati wowote wapendao. Vyombo vilionesha kuwa ubongo huanza kujiandaa kabla mtu hajajitambua kuwa ametaka, nako ni kwa muda wa kama theluthi moja ya sekunde. Wengine wakafanya haraka kusema kuwa hiari ni ndoto. Libet mwenyewe hakusema hivyo. Aliona kuwa mtu hubakiwa na nafasi ya kulizuia jambo baada ya kulitambua. Wataalamu bado wabishana juu ya maana ya majaribio hayo, nasi hatuijengi dini juu yake. Lakini hatukuona ajabu kuambiwa kuwa pito la kwanza si letu, na kwamba letu ni kuliitika au kulikataa.

ILIPOANGUKA HIARI YA IMAM

Asidhani mtu kuwa Imam Ghazali aliyaandika haya kwa kusoma tu. Mwaka 484 wa Hijra (1091) aliwekwa kuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamia huko Baghdad, na mwenyewe ametaja kuwa alikuwa akisomesha wanafunzi 300. Hapakuwa na cheo cha elimu kilichopita hicho. Kisha akajitazama, akaona kuwa nia yake katika kusomesha si kwa ajili ya Mungu, bali ni kutafuta jaha na kuenea kwa jina.

Katika kitabu chake cha Al-Munqidh ameeleza yaliyompata. Leo huazimia kutoka Baghdad na kuyaacha yote, kesho azma imevunjika. Hutanguliza mguu mmoja na kuurudisha wa pili. Hali hiyo ilidumu karibu miezi sita, kuanzia Rajabu ya mwaka 488 (1095). Mwishowe ulimi ukafungwa. Akijikaza asomeshe siku moja tu awafurahishe wanafunzi, neno halitoki. Huzuni ikamshika, hata chakula na kinywaji havikupita. Matabibu wakakata tamaa, wakasema kuwa ugonjwa umeanzia moyoni na hapana dawa mpaka moyo utulie.

Tazameni basi! Mtu aliyekuwa hodari wa elimu kuliko watu wa zama zake aliiona haki, akaitaka, na asiweze kuitenda. Elimu peke yake haikutosha kuinyanyua hiari. Lakini yatupasa tuangalie sana alilolifanya hapo. Hakusema, "Nimeandikiwa kubaki." Asema kuwa alipouona udhaifu wake, na hiari yake ikaanguka yote, alimkimbilia Mwenyezi Mungu kama akimbiliavyo mtu aliyefikwa na dharura, asiye na hila tena. Naye akamwitikia Yule ambaye Sura ya 27, aya ya 62, yatufahamisha kuwa humwitikia mwenye dhiki amwombapo. Ikawa sahali moyoni mwake kuacha jaha na mali. Aligawa alichokuwa nacho, akabakisha cha kumtosha na cha kuwalisha watoto wake, akatoka Baghdad mwishoni mwa mwaka 1095.

Hili ni fundisho kwa kijana aliyeazimia mara kumi kuacha ulevi au kamari na mara kumi akarudi. Kushindwa kwake si hati ya kuwa ameandikiwa maangamio. Ni ishara kuwa amefika mahali ambapo nguvu zake peke yake hazitoshi, na mahali hapo pana mlango wa dua. Kuomba nako ni hiari. Na mara nyingine ndiyo hiari ya mwisho aliyobakiwa nayo mtu.

KULEVUKA NA KULEWA

Wamekuwapo watu waliojinasibisha na Tasawufi wakasema kuwa mja akishafika daraja ya kujisahau mbele ya Mola wake, basi amri na makatazo humwondokea, kwani hana tena nafsi ya kutenda. Masheikh wakubwa waliyakanusha maneno hayo. Al-Junaid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 298 wa Hijra (910), alisema kuwa mwizi na mzinifu wana hali iliyo nafuu kuliko mwenye kusema hayo. Njia yake yeye ilikuwa ni ya kulevuka, yaani mja apotee katika mapenzi ya Mola wake, kisha arudishwe katika fahamu zake, asali, alipe deni, na awatazame watoto wake. Kwao Masufi wa kweli, anayemjua Mungu zaidi ndiye aliye macho zaidi.

Na kuwa macho huku hufundishwa tangu utotoni. Imepokewa kuwa Sahl bin Abdalla wa Tustar, aliyefariki mwaka 283 wa Hijra (896), alikuwa mtoto wa miaka mitatu, akiamka usiku kumtazama mjomba wake, Muhammad bin Sawwar, akisali. Siku moja mjomba wake akamfundisha aseme moyoni, bila kuutikisa ulimi, kuwa Mwenyezi Mungu yu pamoja naye, amtazama, na amshuhudia. Aliyasema mara tatu kwa usiku, kisha mara saba, kisha mara kumi na moja, mpaka akauona utamu wake moyoni. Ndipo mjomba wake akamuuliza: mtu ambaye Mungu yu pamoja naye na amtazama, je, ataweza kumuasi? Mjomba yule hakuanza na fimbo wala na vitisho. Alimzindua mtoto kwanza, kisha akamwachia achague.

KAZI YA KILA NYUMBA

Imam Ghazali ameishauri nafsi ifanyiwe kama mshirika wa biashara. Asubuhi, baada ya sala ya Alfajiri, mtu huwekeana nayo masharti: leo ulimi usiseme hili, mkono usiguse lile. Mchana huichunga, na huko ndiko kuitwako murakaba. Usiku huihesabu, kama wafanyabiashara wafungavyo hesabu zao: faida iko wapi, na hasara imeingilia mlango gani. Kazi hii haitaki mali wala cheo. Baba na mama wakiifanya robo saa kabla ya kulala, watoto wataiona na wataiiga.

Katika miji mingi ya pwani yetu, kuanzia Lamu mpaka Unguja na Komoro, Waislamu husoma Ratibu ya Habib Abdalla bin Alawi al-Haddad wa Tarim, aliyefariki mwaka 1132 wa Hijra (1720). Wengi wetu twaijua kwa moyo tangu utoto. Basi tutie akilini mpango wake. Humo twakiri kuwa kheri na shari ni kwa mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Na punde hiyo hiyo, kabla hatujapoa, twatubu Kwake kwa siri na kwa dhahiri. Lau kadari ingekuwa udhuru, toba ingekuwa na kazi gani hapo? Aliyeitunga alituwekea mambo mawili hayo jirani ili tusiliseme la kwanza tukalisahau la pili.

Kwa hivyo, ndugu zetu, neno "Imeandikwa" tuliweke pale lilipowekwa na wema waliotutangulia: juu ya msiba uliokwisha kushuka na riziki iliyotupita. Ama juu ya ulimi ambao haujasema na mkono ambao haujanyooka, hapo neno letu ni lile alilowaambia Mtume (s.a.w.) Masahaba walipouliza kama waache kutenda wategemee yaliyoandikwa. Aliwaamrisha watende, kwani kila mmoja husahilishiwa lile aliloumbiwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzindue na usingizi wa mioyo, atuoneshe pito la uovu kabla halijawa azma, na hiari zetu zinapoanguka asituache peke yetu. Amin.